Fundi Aliye Ndani ya Tangi

Katika visiwa vyetu ni mitaa michache isiyokuwa na kisima, birika au tangi la maji lenye pampu ya umeme. Pampu ikiharibika huitwa fundi, akashuka na waya begani na taa mkononi, naye mwenye nyumba akaenda zake. Kazi hiyo huhesabiwa kuwa ya nusu saa, na wachache huihesabu kuwa ya hatari.

Juu ya ardhi, aliyeguswa na umeme huenda akauachia waya akasalimika. Ndani ya tangi la chuma hana pa kurukia. Amelowa jasho, mgongo umeegemea chuma, magoti yamo majini. Mwili wote ni njia ya umeme kuelekea ardhini. Ndiyo maana kwa mafundi waliofunzwa, taa inayoingia humo huwa ya volti 24 au 12, si 230, na transfoma yake hubaki nje. Swichi kuu huzimwa ikatiwa kufuli, na ufunguo ukakaa mfukoni mwa huyo huyo anayeshuka.

Tena umeme si adui wa pekee. Kutu ndani ya tangi lililofungwa hula oksijeni. Hewa ya kawaida inayo kiasi cha asilimia 21, na ikipungua chini ya 19.5 mtu hapaswi kuingia. Umeme ulipokatika Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, tulizoea kuishi na jenereta. Jenereta ya petroli ikiwekwa kisimani, au karibu na mdomo wake, hutoa kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Ile desturi ya kuteremsha taa ya mafuta ili kuipima hewa haifai kitu hapa: taa itaendelea kuwaka huku mtu anakufa.

Kisha huja msiba wa pili. Wa kwanza akianguka, mwenzake humfuata kwa huruma. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, ilieleza mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika sehemu kama hizo walikuwa wameingia kuokoa.

Zanzibar ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini tangu mwaka 2005, na Serikali yenyewe ina matangi katika skuli, hospitali na ofisi zake. Haifai, kwa maoni yetu, ofisi ilipie pampu mpya kisha ikatae kulipia kipimo cha hewa, feni, na mtu wa kukaa mdomoni na kamba iliyofungwa kwa aliye chini. Mtu huyo huonekana kama hafanyi kazi, na kwa hivyo ndiye wa mwanzo kufutwa katika makadirio. Tunawaomba wahasibu wamwache.

Mwananchi asiye na vyombo hivyo akumbuke kuwa pampu nyingi za kisima huweza kuvutwa juu na kutengenezwa kivulini. Na amwulize fundi hilo kabla hajavua viatu.