Sindano Zinafanana, Kazi Hazifanani

Juma hili tulipanga kuwaandikia juu ya vifaa vya shule. Tunaviacha kwanza, kwa sababu jambo lililotupata kwenye mkutano wa siku ya posho haliwezi kungoja. Mwenzetu ambaye linamhusu ametukubalia tuliandike, mradi tusitaje jina lake.

Mliokuwa hapo mnakumbuka. Tulikuwa tumemaliza kuhesabu pesa za likelemba, chai imekwisha kumiminwa, ndipo mama mmoja akatoa mkobani kitu kilichofungwa katika kitambaa. Kilifanana na kalamu nene ya kuandikia. Dada yake anayeishi Ubelgiji alimtumia kupitia msafiri. "Hii ndiyo ile sindano ya kupunguza mwili," akasema. "Unajipiga mara moja kwa juma, hamu ya chakula inapungua yenyewe."

Tuseme kweli: hata sisi tunaoandika ukurasa huu tuliisogelea. Tuliuliza kama tunaweza kuigawana, kila mtu ajipige kidogo. Mmoja wetu akaanza kupiga hesabu, tuchange kama tunavyochanga likelemba ili tuagize nyingine. Mwingine akasema: "Mwenzetu mwenye sukari ana sindano nyumbani kwake. Kwa nini asitugawie? Si zote ni sindano za sukari?"

Mwenzetu huyo alikuwa ameketi karibu na mlango. Alikuwa ametoka mara tatu kwenda chooni, na alikuwa amemaliza chupa kubwa ya maji peke yake. Hatukujiuliza kitu. Kisha akatapika. Ndipo alipotuambia kwamba kwa siku tatu hakujipiga insulini. Alikuwa amesikia habari za sindano ya mara moja kwa juma, akaona afadhali aupumzishe mwili wake akiingoja. Yeye anajipiga kila siku tangu ujana wake, na amechoka.

Tulimpandisha kwenye pikipiki, mama mmoja akakaa nyuma yake kumshikilia, mpaka hospitali. Walipopima walikuta sukari imepanda sana, na damu imeanza kujaa asidi. Alilala huko siku nne. Leo yuko nyumbani kwake, anakula, anacheka. Tunamshukuru Mungu. Lakini siku ile sisi wote tulikuwa tukiitazama kalamu, wala hakuna aliyemtazama yeye. Kwa hiyo juma hili tumeuliza, tumesoma, na tunawapa tuliyojifunza.

Sindano ya kwanza ni insulini. Insulini inatengenezwa na kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo. Kazi yake ni kama ya ufunguo: inafungua mlango ili sukari itoke katika damu na kuingia mwilini mahali inapotumika. Kwa mtu mwenye sukari ya aina ya 1, kongosho haitengenezi tena insulini, au inatengeneza kidogo mno. Zamani mtoto aliyepata ugonjwa huo alikuwa anakufa. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1922, katika mji wa Toronto huko Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alikuwa mgonjwa wa kwanza wa sukari kutibiwa kwa insulini, naye akaishi miaka mingine 13. Kwa mtu wa aina hiyo, insulini ni kama pumzi. Akiiacha, mwili unaanza kuunguza mafuta yake kwa fujo, asidi inajaa katika damu, na kifo kinaweza kuja kwa siku chache. Kiu isiyokwisha, kukojoa kila mara, kutapika, kuhema kwa nguvu, pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva mno: mkiona hayo kwa mwenye sukari, msingoje kesho.

Sasa asiye na sukari akijipiga insulini ili apungue? Haitampunguza, insulini huwa inaongeza uzito. Lakini inaweza kuishusha sukari ya damu mpaka mtu atoke jasho, atetemeke, achanganyikiwe, azimie, na hata kufa. Yule aliyesema "atugawie" hakujua kwamba alikuwa anaomba sumu.

Sindano ya pili ndiyo ile ya kalamu. Dawa iliyo ndani inaitwa semaglutidi, nayo inauzwa kwa majina ya Ozempic na Wegovy. Inatengenezwa na kampuni Novo Nordisk ya Denmark. Marekani iliikubali mwaka 2017 kwa wenye sukari ya aina ya 2, na mwaka 2021 kwa watu wenye unene wa kuleta magonjwa. Inaiga homoni ambayo matumbo yetu yanatoa tukiisha kula. Inaiambia kongosho itoe insulini wakati sukari imepanda, inachelewesha chakula tumboni, na inaambia ubongo kwamba tumeshiba. Haichukui nafasi ya insulini kwa mwenye aina ya 1. Kongosho iliyokwisha kufa haisikii ukiiambia ifanye kazi.

Je, inapunguza mwili? Ndiyo, tusidanganyane. Katika uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2021, watu walioitumia kwa majuma 68, pamoja na kubadili chakula na kutembea, walipungua kwa wastani karibu asilimia 15. Mtu wa kilo 100 angebaki na kilo 85. Lakini walioacha dawa, baada ya mwaka mmoja walikuwa wamerudisha karibu theluthi mbili za uzito waliopoteza. Hii ni dawa ya muda mrefu inayotaka munganga wa kukufuata. Kalamu moja iliyokuja katika sanduku haitoshi kitu.

Tena si ya kila mtu. Mwenye mimba asiitumie, na anayetaka kushika mimba aiache angalau miezi miwili mbele. Aliyewahi kuugua uvimbe wa kongosho, au ambaye kwao kuna aina fulani ya kansa ya tezi ya shingoni, amwambie munganga kwanza. Inaanzwa kwa dozi ndogo sana, ikipandishwa polepole kwa majuma mengi, kwa sababu inaleta kichefuchefu, kutapika na kuharisha. Na kalamu moja ni ya mtu mmoja. Hata mkibadilisha ncha ya sindano, damu ya mmoja inaweza kurudi ndani ya kalamu na kumpa mwingine virusi vya ukimwi au vya homa ya ini.

Kisha kuna za bandia. Mwaka 2023, huko Austria, watu walilazwa hospitalini baada ya kujipiga Ozempic ya uongo. Ilionekana kwamba ndani yake mlikuwa na insulini. Mwezi wa sita mwaka 2024, Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kwa nchi zote juu ya bandia hizo. Kama imefika Austria, kwetu je, ambako dawa inauzwa kwa picha za simu na kuletwa mlangoni?

Tunajua mnachofikiri. Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa kwamba mwili wa mama ni sifa ya nyumba yake, na mama akikonda majirani wananong'ona. Leo simu inatuambia kinyume. Katikati ya hao wawili, mama ambaye magoti yanamuuma na presha imepanda anabaki na aibu pande zote mbili. Mama huyo hana kosa. Aende apimwe sukari na presha, aulize munganga. Nyumbani apunguze kipande cha bugali, aongeze lengalenga na maharagwe, aache soda za kila siku, atembee. Si maneno mapya, lakini yanasaidia hata anayetumia dawa.

Na ninyi mnaotumia insulini, chupa ambayo haijafunguliwa inataka ubaridi wa friji, isigande. Ile mnayoitumia inakaa karibu majuma manne mahali pasipo joto. Umeme ukikatika, wekeni chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, mchanga wenye maji katikati, kitambaa chenye maji juu, kivulini. Ndani mnabaki baridi kuliko nje.

Siku ya posho ijayo, mbele ya kuhesabu likelemba, mwuguzi atakuja kutupima sukari. Njoo bila kula asubuhi, chai itafuata. Pia tumekubaliana kwamba kila mwenye sukari atachagua rafiki mmoja katika kikundi, atakayejua dawa yake inakaa wapi, dalili za sukari ikipanda, na kumpa maji ya sukari ikishuka akiwa bado anaweza kumeza. Ile kalamu mwenyewe ameipeleka kwa munganga, aambiwe kama inamfaa.

Tulipomtembelea mwenzetu na matunda yetu, alitutazama akacheka. "Pole zimetosha," akasema. "Mkinipenda, mniulize tu kila asubuhi: umejipiga leo?"

Asubuhi ya leo tumemuuliza. Amejipiga.