Hz 800 Si Sheria ya Gitaa la Stili

Wapigaji wa gitaa la stili wamerithishana namba moja kama amri: 800. Mwanafunzi akilalamika kwamba gitaa lake linatoa sauti ya puani, jibu ni lile lile: kata midi, yaani masafa ya kati, kwenye Hz 800. Akiuliza anunue pedali gani ya ikwalaiza ya parametriki, anaambiwa yoyote itafaa, mradi ifike Hz 800 na iweze kushusha desibeli 10 au 12. Wapo wanaoongeza kwamba kadiri bendi za masafa zinavyokuwa nyingi ndivyo pedali inavyokuwa bora. Ushauri huu naupinga wote, kwa sababu umewagharimu watu fedha na kuharibu sauti ya magitaa ambayo hayakuwa na kasoro yoyote.

Tujue kwanza namba hiyo ilikotoka. Miaka ya 1980 kampuni ya Peavey ya Mississippi, Marekani, ilikuwa ikiuza ampifaya iitwayo Nashville 400, ikaenea mno miongoni mwa wapigaji wa stili. Ilikuwa na spika moja ya inchi 15, na midi yake ilikuwa ya parametriki: nobu moja ya kuchagua masafa, nyingine ya kuyapunguza au kuyaongeza. Wapigaji wakagundua kwamba kwenye ampifaya ile, ukishusha midi karibu na Hz 800, ule ukwaruzo unaosumbua sikio unapungua na nyuzi zinaanza kuimba. Walikuwa sahihi kabisa. Walisikiliza ampifaya yao, spika yao na pikapu za gitaa lao, wakapata dawa ya ugonjwa waliokuwa nao. Walioharibu ni waliokuja baadaye, wakaichukua namba na kuiacha ampifaya.

Chukua sasa ampifaya ya Fender Twin Reverb, ambayo nayo imebeba stili kwa miongo mingi. Saketi yake ya besi, midi na trebo huchimba shimo katikati ya sauti hata kabla hujagusa pedali yoyote; nobu zikiwa katikati, shimo hilo huangukia kiasi cha Hz 400 hadi 500. Mpigaji anayeleta pedali yake na kukata desibeli 12 kwenye Hz 800 anachimba shimo la pili kando ya la kwanza. Kinachobaki ni besi chini na mlio wa kucha za chuma za vidoleni juu, katikati hamna kitu. Anaongeza sauti, bado haisikiki kati ya wanamuziki wenzake. Ndipo anaambiwa kwamba pedali yake ni dhaifu, atafute yenye bendi tano.

Tazama pia nyuzi zenyewe. Kwenye tyuni ya E9, ambayo ndiyo ya kawaida kwa muziki wa kantri, uzi wa tatu ni G#, takriban Hz 415 ukiwa wazi. Weka chuma cha kutelezesha kwenye mstari wa 11 unapata G ya Hz 784; kwenye mstari wa 12 unapata G# ya Hz 831. Kwa hiyo ile Hz 800 inayotajwa kana kwamba ni jalala la kelele imekaa katikati ya noti mbili ambazo stili huzitumia kuongoza wimbo. Ukikata kwa ukanda mwembamba, tuseme kuanzia Hz 700 hadi 900, umezikata noti zenyewe. Na stili hairuki kutoka noti hadi noti. Chuma kinateleza juu ya nyuzi, sauti inapita kila mahali kati ya hapa na pale. Likiwapo shimo njiani, msikilizaji anaisikia sauti ikizama na kuibuka tena katikati ya mteremko ambao ungepaswa kuwa laini. Ukikata kwa ukanda mpana ili kukwepa hilo, unapunguza takriban Hz 500 hadi 1300, yaani sehemu kubwa ya mwili wa gitaa. Kwa ampifaya inayohitaji hivyo, ni sawa. Kwa isiyohitaji, ni hasara tupu.

Najua jibu nitakalopewa: rekodi nzuri zote za Nashville zimekatwa hivyo. Hapana. Mpigaji Bud Isaacs alisikika akipiga stili ya pedali kwenye wimbo wa mwimbaji Webb Pierce uitwao Slowly, uliovuma mwaka 1954, na wapigaji wengi wakakimbilia kufunga pedali kwenye magitaa yao kwa sababu ya sauti ile. Mhandisi wa sauti George Massenburg aliwasilisha kwa chama cha wahandisi wa sauti cha Marekani makala yake kuhusu ikwalaiza ya parametriki mwaka 1972. Kati ya wimbo na makala hiyo kuna miaka 18, na katika miaka hiyo stili ilipata baadhi ya rekodi zake bora bila pedali ya parametriki kuwapo.

Massenburg na wenzake walitaka fundi awe na uhuru wa mambo matatu: achague masafa, achague kiasi cha kuongeza au kupunguza, na achague upana wa eneo analoligusa. Ikwalaiza hiyo ni chombo cha kutafutia. Anayekinunua ili kukigandisha kwenye namba aliyotajiwa hakihitaji. Boss GE-7, pedali ya kawaida yenye vijiti saba vya kupandisha na kushusha, ina kijiti kilichoandikwa 800 tayari. Kama 800 ingekuwa jibu la kila gitaa na kila ukumbi, kijiti hicho kingetosha na makala hii isingekuwa na kazi.

Muziki nao unabadilisha mahitaji. Katika makanisa ya House of God huko Marekani, stili imeongoza ibada tangu mwishoni mwa miaka ya 1930, na mpigaji anataka iite na kulia kama koo la mwimbaji; kilio hicho kinakaa kwenye midi ile ile ambayo wengine wanaagizwa waitupe. Afrika Magharibi, King Sunny Ade aliiingiza stili katika muziki wa juju, na Demola Adepoju akaipiga katikati ya magitaa kadhaa na ngoma zinazozungumza. Ndiye pia anayesikika kwenye wimbo Graceland wa Paul Simon wa mwaka 1986. Bendi kama hiyo ina msongamano wake, tofauti kabisa na bendi ya fidla moja na mwimbaji mmoja. Kenya, ambako kantri ina wapenzi wengi na wanamuziki wake wenyewe, kijana anayejifunza stili leo huenda anapiga kupitia spika za kanisa au ampifaya ya kibodi. Namba ya Peavey inamhusu nini?

Basi anunue ipi? Bendi moja au mbili za masafa zinatosha, mradi kila moja iwe na nobu zote tatu. Zipo pedali zinazouzwa kwa jina la parametriki ilhali upana wake umefungwa kiwandani, na kwa stili upana ndio unaoamua kama dawa itaponya au itaua noti. Kisha aitafute kasoro wanamuziki wenzake wakiwa wanapiga, si akiwa peke yake chumbani ambako kuta zinamwongezea besi. Apandishe bendi desibeli chache, azungushe masafa polepole huku akipiga nyimbo anazozipiga kweli, na pale panapomuumiza sikio ashushe desibeli tatu au nne. Mara nyingi hizo zinatosha. Kuongeza kuna gharama kubwa kuliko watu wanavyodhani: desibeli 12 za besi zinaidai ampifaya nguvu takriban mara 16 kwenye masafa hayo, na ampifaya isipokuwa nayo inakoroma.

Yapo mambo ambayo hakuna anayeyauliza dukani, na kwangu yana uzito kuliko idadi ya bendi. Mpigaji wa stili hucharaza noti huku pedali yake ya sauti ikiwa imefunguliwa nusu, kisha huifungua taratibu kadiri noti inavyofifia. Ndivyo sauti ya stili inavyodumu. Ikwalaiza yenye kelele ikikaa kabla ya pedali hiyo, ule mchuruziko wa "shhh" unapanda pamoja na mguu, na unasikika zaidi pale pale noti inapotaka kufa kwa utulivu. Ikikaa baada yake, kelele inabaki palepale na sikio linaizoea. Mimi huiweka baada. Ila mpangilio huo unadai ikwalaiza yenye ingizo la ukinzani mkubwa, megaohmu moja au zaidi, kwa kuwa pedali nyingi za sauti hazina umeme wake na pikapu ya stili imesukwa waya mwingi. Ukiichomeka kwenye kifaa cha studio chenye ingizo la kiloohmu 10, trebo inakufa kabla hujazungusha nobu hata moja. Halafu kucha za chuma hupiga nyuzi kwa kishindo, na pedali ya volti 9 inaweza kukwaruza kwenye kishindo hicho; inayokubali volti 18 ina nafasi zaidi.

Kwa hiyo mwenye duka amruhusu mteja aje na gitaa lake, pedali yake ya sauti na ampifaya yake, ajaribu kwa muda wa kutosha. Na watengenezaji waandike kwenye boksi upana wa kila bendi, ukinzani wa ingizo na kiwango cha kelele, kwa namba.