Ukanda wa Kioo Usiondolewe kwa Kukisia

Miongoni mwa askari wanaofuga samaki wa rangi majumbani mwao, wakiwamo wale wa Ziwa Tanganyika wapendwao hata ng'ambo, kuna ubishi usiokwisha. Je, vile vipande vya kioo vilivyogundishwa juu ya tangi, kutoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma, vina kazi gani? Wapo wasemao kwamba ni urembo wa fundi tu, kwamba huzuia mwanga wa taa, hushika chokaa na humkwaza mtu anaposafisha. Basi huchukua wembe, wakakata gundi na kuviondoa. Maoni yetu ni kwamba askari asithubutu kufanya hivyo kabla ya kupiga hesabu.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba mkandamizo wa maji juu ya kioo hutokana na kina chake, wala si wingi wake. Chukua tangi lenye urefu wa sentimita 120, na maji yenye kina cha sentimita 50. Ukuta wa mbele husukumwa nje kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 150, yaani mifuko mitatu ya saruji, usiku na mchana, bila zamu ya kupumzika. Kina kikiongezwa mara mbili, nguvu hiyo huwa mara nne.

Ukuta huo umeshikwa pande tatu tu: chini na kwenye pembe mbili. Ukingo wa juu hauna mshiko. Kwa hiyo tangi lijaapo, kioo hupinda kwenda nje, hasa katikati. Ukanda uliokatiza hapo huuvuta ukuta wa mbele na wa nyuma pamoja. Askari aliyepata kuchimba handaki katika udongo wa kichanga anaijua kanuni hii. Nguzo zinazozuia kingo zisiporomoke hufungwa waya kwa juu, na waya huo hukazwa kwenye kigingi kilichopigwa nyuma. Ukikatwa, nguzo huanza kuinama kidogo kidogo.

Watauliza wabishi: mbona yako matangi yasiyo na ukanda wowote, nayo hayavunjiki? Hoja hiyo ni ya kweli na haifai kudharauliwa. Walakini matangi hayo yalikusudiwa hivyo tangu mwanzo: ama kimo chake ni kifupi, ama kioo chake ni kinene. Chini ya mzigo ule ule, kioo cha milimita 12 hupinda sehemu moja tu kwa nane ya kile cha milimita 6. Fundi aliyechagua kioo chembamba akakifunga ukanda, ameuhesabu ukanda huo kuwa sehemu ya ukuta. Auondoaye amelipunguzia tangi nguvu pasipo kuirudisha mahali pengine.

Wengine hujigamba kwamba waliuondoa mwaka jana na tangi lingali zima. Huo si ushahidi. Chuma hupinda kikabaki kimepinda, mtu akaona. Kioo hakitoi onyo hilo. Kinapolemewa na maji, uso wake wa nje huvutwa, na mikwaruzo midogo iliyopo, ikisaidiwa na unyevu wa hewa, huweza kurefuka polepole kwa muda mrefu hadi siku ya kupasuka. Alfajiri ya tarehe 16 Desemba 2022, tangi la AquaDom katika hoteli moja mjini Berlin, Ujerumani, lilipasuka ghafla likamwaga lita 1,000,000 za maji. Hilo lilikuwa la akriliki na la mviringo, kwa hiyo suala la ukanda halikulihusu. Lakini lilikuwa limesimama karibu miaka 20, na kudumu huko hakukuliokoa.

Basi anayetaka tangi lisilo na ukanda na alinunue lililotengenezwa hivyo. Mwenye tangi lenye ukanda na auache. Ukibanduka au ukipata ufa, apunguze maji kwa theluthi moja mara moja, maana nguvu juu ya kioo itashuka chini ya nusu. Kisha alitoe maji yote kabla ya kugundisha ukanda mpya, kwa kuwa kioo kilichokwisha kupinda hakitarudishwa na gundi. Atumie silikoni ifaayo kwa samaki, si ile ya bafuni yenye dawa ya kuua ukungu, naye aiache ikauke barabara.

Tangi hilo la mfano, likiwa na upana wa sentimita 45, lina maji yapatayo lita 270. Yakimwagika usiku katika chumba chenye waya za umeme sakafuni na watoto waliolala, hasara haitakuwa ya samaki pekee. Kila mwenye tangi na aukague ukanda wake kabla ya kwenda zamu.