Asiyefika kliniki naye ahesabiwe

Tathmini ya huduma za afya ya uzazi katika kambi za wakimbizi mara nyingi huanzia stoo. Mkaguzi huhesabu maboksi ya dawa, hupekua rejesta ya wajawazito, huuliza wakunga wako wangapi, kisha hupanda gari kabla giza halijaingia. Upungufu wenyewe hujitokeza usiku, naye keshaondoka.

Hata ukaguzi huo haukuwepo zamani. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, mkimbizi alihesabiwa kwa unga, maji na turubai. Uzazi waliachiwa wanawake wenyewe. Mkutano wa Cairo wa 1994 kuhusu idadi ya watu na maendeleo uliamsha wengi, na mwaka uliofuata mashirika ya Umoja wa Mataifa na ya kiraia yakaunda kundi la pamoja. Likapanga huduma za lazima tangu siku za kwanza za dharura: kuwatibu waliobakwa, kudhibiti VVU, kuokoa wazazi na vichanga. Kuzuia mimba zisizotarajiwa kulisubiri hadi 2018 ndipo kukawa lengo linalojitegemea. Miaka ishirini na ushee!

Chukua oksitosini, sindano ya kuzuia mzazi asivuje damu. Stooni ipo, mkaguzi anaweka tiki. Lakini dawa hiyo hutakiwa kukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, na jenereta ikizimwa kila usiku ili kubana mafuta, nguvu yake hupungua pasipo mtu kuona. Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Je, saa nane za usiku, kutoka hema la mwisho hadi chumba cha upasuaji ni dakika ngapi? Fomu haiulizi.

Dawa za kinga ya VVU nazo huanzwa ndani ya saa 72 baada ya kubakwa. Human Rights Watch iliandika habari za wanawake wa Kisomali waliobakwa kwenye kambi za Kenya mwaka 1993, na za wakimbizi wa Burundi kambini Tanzania mwaka 2000. Kutafuta kuni tu kulikuwa hatari. Mwanamke kama huyo akiambiwa atangulie polisi kuchukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu, muda humwishia kwenye benchi. Asipofika kliniki, jina lake halimo kwenye rejesta. Kwa tathmini, hakubakwa.

Mkaguzi na alale kambini. Alfajiri aende bombani, azungumze na wasiokwenda kliniki na wakunga wa jadi wanaogongewa usiku. Wafadhili watasema ni gharama, hasa baada ya Marekani kukata misaada mwaka 2025. Lakini fedha zikipungua ndipo ilipo haja ya kujua ni jokofu lipi lisizimwe, na ni gari lipi lisiondolewe zamu ya usiku.