Toleo maalum la pinboli: ni lini mashine huwa adimu kweli?

Mwaka 2018 kampuni ya Stern Pinball, yenye kiwanda karibu na jiji la Chicago nchini Marekani, ilitoa mashine ya mchezo iliyopambwa kwa picha na nyimbo za bendi ya The Beatles. Ilitangaza kwamba zingetengenezwa 1,964 tu, idadi inayokumbusha mwaka 1964 bendi hiyo ya Uingereza ilipotua Marekani kwa mara ya kwanza. Kati ya hizo, 1,614 ziliitwa za Dhahabu, 250 za Platinamu na 100 tu za Almasi.

Tunaposikia kitu kipo 100 tu dunia nzima, wengi wetu tunaamini papo hapo kuwa ni adimu. Lakini uwanja wa mchezo katika mashine zote hizo ni ule ule. Tofauti kubwa iko kwenye mapambo. Je, hapo adimu ni mchezo au ni rangi?

Kwa wasioufahamu, pinboli ni mchezo wa meza iliyoinama, iliyofunikwa kwa kioo. Mchezaji hurusha gololi ya chuma, kisha hubonyeza vitufe vya ubavuni kuendesha mikono midogo miwili inayoizuia isitumbukie shimoni. Mashine za siku hizi huwa na mada: filamu, bendi au katuni, na mtengenezaji hulipia ruhusa kwa wenye haki za jina hilo.

Idadi inayopangwa ofisini

Kwa kawaida Stern huuza mchezo mmoja kwa madaraja matatu. Lipo la Pro, ambalo ni la bei nafuu. Lipo la Premium, lenye vifaa zaidi. Na lipo Limited Edition, yaani toleo lenye idadi maalum na kibati cha namba. Mara nyingi toleo hili la mwisho huchezwa sawa na Premium. Mnunuzi anaongeza pesa kwa ajili ya michoro, mapambo na namba yake.

Tuangalie namba zenyewe. Toleo maalum la Iron Maiden la mwaka 2018 lilikuwa la mashine 500. La The Mandalorian, mwaka 2021, lilikuwa la 750. La Godzilla, mwaka huo huo wa 2021, lilifika 1,000. Katika miaka mitatu, kile kinachoitwa kichache kiliongezeka maradufu. Idadi hii hupangwa kwa kupima wateja wangapi wako tayari kulipa. Na aliyekosa Godzilla ya toleo maalum bado aliweza kununua Premium na kucheza mchezo ule ule.

Uchache ambao hakuna aliyeupanga

Sasa tulinganishe na mashine iitwayo Big Bang Bar. Kampuni ya Capcom ilikuwa ikiiandaa mwaka 1996, ikafunga idara yake ya pinboli kabla mashine hiyo haijaingia sokoni. Zilibaki 14 za majaribio. Hakuna aliyekaa ofisini kuichagua namba hiyo. Ni biashara iliyokatika njiani.

Hata hivyo, uchache wa namna hiyo nao una mlango wa nyuma. Miaka kama kumi baadaye mpenzi mmoja wa pinboli nchini Marekani alipata haki za mchezo huo na kutengeneza nyingine zipatazo 190. Medieval Madness ya mwaka 1997, iliyotengenezwa 4,016 tu na kutafutwa kwa udi na uvumba, nayo ilirudishwa kiwandani na kampuni ya Chicago Gaming mwaka 2015. Zile za awali bado zina heshima yake, lakini anayetaka kucheza tu halazimiki tena kuzisaka.

Ruhusa ikiisha

Hapa ndipo mada inapokuwa na uzito. Mashine yenye jina la filamu hutegemea mkataba. Mkataba ukiisha, kiwanda hakiwezi kuendelea hata kama wateja wamejipanga foleni. Mwaka 2007 Stern ilitoa Spider-Man yenye picha za filamu. Ilipourudisha mchezo huo mwaka 2016, sura za waigizaji hazikuwepo tena. Mahali pake kulikuwa na michoro ya katuni. Hivyo ile ya filamu imebaki kitu cha wakati wake.

Jambo jingine ni umri. Mashine za zamani zilifanya kazi kwenye baa na kumbi za michezo. Zilipigwa, zilimwagiwa vinywaji, nyingine zilivunjwa ili kutoa vipuri. Zilizotoka kiwandani ni nyingi kuliko zilizosalia. Toleo maalum la leo mara nyingi huenda moja kwa moja nyumbani kwa mkusanyaji na kutunzwa kama yai. Zikitengenezwa 500, huenda baada ya miaka 20 bado zikawa karibu 500.

Na uchache peke yake hauleti thamani. The Addams Family ya mwaka 1992 ilitengenezwa 20,270, na bado watu wanaitafuta kwa sababu mchezo wake ni mtamu. Mashine isiyo na mvuto inaweza kuwa chache na isiulizwe na mtu.

Kwa nini suala hili lina uzito

Pesa zinazozungumziwa si ndogo. Toleo la kuadhimisha miaka 60 ya filamu za James Bond, la mashine 500, liliuzwa kwa karibu dola 20,000. Tena wanunuzi wa pinboli mara nyingi hutanguliza pesa kabla mashine haijatengenezwa, na wapo waliozipoteza baada ya watengenezaji wadogo kufilisika.

Kwa hiyo, kabla ya kushawishika na neno "maalum", liwe kwenye pinboli, simu au viatu, tunashauri maswali manne. Nani ameweka idadi hiyo, na kwa nini? Je, kinaweza kutengenezwa tena kesho? Vingapi vitakuwa bado vizima baada ya miaka mingi? Na kama kisingekuwa na namba, ungekitaka? Anayeuza akishindwa kujibu la pili, mfuko ubaki umefungwa kwanza.