Taka za Wenye Nacho, Mapafu ya Wasio Nacho

Atakaye kujua ni nani asiye na sauti katika mji wowote wa nchi hii, asihangaike kusoma daftari la wapiga kura. Na alifuate lori la taka litokapo mitaa ya lami na miti, aone linaelekea wapi. Pale litakapoinua mgongo wake na kumwaga, ndipo waishipo wananchi ambao viongozi huwakumbuka mara moja kila baada ya miaka 5.

Jijini Nairobi, lori hilo huishia Dandora. Jaa la Dandora lilifunguliwa katikati ya miaka ya 1970, jirani na makazi yaliyokuwa yakijengwa kwa ajili ya watu wa kipato kidogo. Mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa. Tangu hapo wamepita marais, mawaziri, mameya na magavana, kila mmoja na ahadi yake, nayo malori yangali yanaupanda mlima ule kila kukicha. Mwaka 2007, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Gigiri katika jiji hili hili, lilichapisha uchunguzi uliofanywa juu ya watoto 328 wa maeneo yanayolizunguka jaa hilo, wakiwamo wanafunzi wa shule ya Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohana, Korogocho. Karibu nusu ya watoto waliopimwa damu walikutwa na madini ya risasi kupita kiwango kilichokubaliwa kimataifa wakati huo. Wengi walikuwa na maradhi ya kifua. Risasi hiyo si ile ya bunduki, ingawa kazi yake yafanana nayo: huingia katika ubongo wa mtoto unaokua, ikaupunguzia uwezo wa kujifunza, na hakuna dawa iwezayo kuurudisha uwezo huo.

Ripoti ilisomwa, ikapigiwa makofi, ikawekwa kabatini. Watoto waliopimwa mwaka ule leo ni watu wazima, na wengine wao ni wazazi. Mnamo 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru jaa lifungwe katika muda wa miezi 6. Miezi 6 ilipita, na mingine mingi baada yake.

Kuna kisa kimoja ambacho kila mpenda haki apaswa kukitafakari. Palipotolewa pendekezo la kulihamishia jaa Ruai, wakuu wa usafiri wa anga walilipinga. Walieleza kwamba taka huwavuta korongo na ndege wengine wakubwa, na kwamba ndege hao wangeweza kuingia katika mitambo ya ndege za abiria zinazotua katika Uwanja wa Jomo Kenyatta. Hoja ilikuwa ya kweli, wala hatuwalaumu walioitoa. Lakini tazama, ndugu msomaji, jinsi mambo yalivyopimwa. Hatari ambayo huenda ingemfika abiria ilitosha kuusimamisha mradi mzima. Hatari ambayo imekwisha kumfika mtoto wa Korogocho, ikapimwa maabara na kuandikwa kwa tarakimu, haikutosha kulisimamisha hata lori moja. Abiria ana wakala wa serikali wa kumtetea. Mtoto wa Korogocho ana nani?

Kila tunapouliza hayo, jibu la wakubwa ni moja: tatizo ni tabia ya mwananchi. Ati mwananchi hana ustaarabu, hutupa ovyo. Hatusemi kwamba raia hana hatia. Atupaye chupa kupitia dirisha la matatu ni mchafu, na aambiwe hivyo usoni. Hata hivyo, hoja hii imegeuzwa pazia la kufichia uzembe. Mkazi wa Mathare hula kidogo, hununua kwa kupima, hutumia kopo moja kwa kazi tatu. Mkazi wa Karen hununua kilichofungwa ndani ya kilichofungwa. Kati ya hao wawili ni yupi azalishaye taka nyingi zaidi? Na bado mtaa wa pili ni safi, kwa sababu lori hufika huko, ilhali kwa yule wa kwanza hakuna njia ya lori, hakuna pipa, wala hakuna mtu wa kaunti. Kumtaka mtu asiye na pipa asitupe chini ni kumwekea mtihani ambao jibu lake limeondolewa kwenye karatasi. Wana wa Israeli wenyewe, waliokuwa wakihamahama jangwani, walipewa agizo la wazi katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, kuhusu mahali pa kwenda haja nje ya kambi na kifaa cha kufukia. Kambi ya wahamaji ilikuwa na sera ya usafi. Jiji lenye bajeti ya mabilioni halina udhuru.

Wala tusidanganywe kwamba nchi inakosa sheria. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ilipitishwa mwaka 1999, ikazaa mamlaka ya NEMA. Kanuni za taka zikafuata mwaka 2006. Katiba ya 2010, ambayo watu walipigwa mabomu ya machozi kwa ajili yake, inampa kila mtu katika kifungu cha 42 haki ya mazingira safi na yenye afya. Na kifungu cha 70 humruhusu yeyote kwenda mahakamani kuitetea haki hiyo bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye binafsi amedhurika. Jedwali la 4 limeziachia kaunti kazi ya kuzoa na kutupa taka. Kisha ikaja Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, ambayo kwa haki ni sheria nzuri. Inaagiza taka zinazooza zitengwe na zisizooza pale pale zinapozalishwa. Inazitaka kaunti zijenge vituo vya kupokea na kuchambua taka. Inauchukulia ufukiaji kuwa njia ya mwisho kabisa, baada ya kupunguza, kutumia tena na kutengeneza upya kushindikana.

Mambo hayo hayapaswi kuonekana mageni. Fundi wa jua kali wa Gikomba alikuwa akigeuza pipa kuwa jiko, na tairi kuwa akala, kabla ya mtaalamu yeyote kuubuni msamiati wa uchumi mzunguko. Mama muuza mboga akijua kwamba maganda ni chakula cha ng'ombe au mbolea ya shamba. Zaidi ya nusu ya taka za miji yetu ni vitu vya namna hiyo, vinavyooza. Vikitengwa mapema, ni udongo mzuri. Vikichanganywa na betri, dawa za hospitali na mabaki ya viwanda, vinakuwa sumu ambayo hakuna awezaye kuitenganisha tena ila maskini kwa vidole vyake.

Lipo jambo moja ndani ya sheria hiyo ambalo wenye viwanda hawalipendi, nalo ndilo kiini cha mgogoro wote. Linaitwa wajibu wa mtengenezaji, na kanuni zake zilichapishwa mwaka 2024. Maana yake ni hii: atengenezaye au aagizaye bidhaa abebe gharama ya kukusanya na kushughulikia kile kinachobaki baada ya mteja kuitumia. Wazee watakumbuka soda ya chupa ya kioo. Hukuweza kuondoka nayo dukani bila kuacha chupa tupu au amana. Mtoto akiiona chupa njiani aliiokota mbio, kwa kuwa ilikuwa pesa. Kampuni ilizitaka chupa zake, ikazituma kreti na malori kuzifuata hadi kijiji cha mwisho. Nani aliwahi kuona mto uliozibwa na chupa hizo? Halafu ikaja chupa ya plastiki. Faida ikabaki kwa kampuni, na gharama ya chupa tupu ikahamishiwa mto Nairobi, mkulima wa Athi na mvuvi wa Malindi, ambako mto huo humwaga maji yake baharini. Hivyo tabia ya mwananchi haikubadilika usiku mmoja. Kilichobadilika ni nani anayelipa. Leo wenye viwanda wakilalamika kwamba wajibu huo utapandisha bei, na waulizwe ni nani aliyekuwa akilipa miaka yote hii.

Kuhusu taka za viwanda, kitabu cha mashtaka kinafunguliwa Mombasa. Katika kijiji cha Owino Uhuru, chenye watu wapatao 3,000, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Moshi uliingia vyumbani, maji ya kiwanda yakapita uani. Bi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na sumu ya risasi mwilini. Akaanza kuuliza. Alikamatwa, akashambuliwa, akatishwa, naye hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka uliofuata dunia ilimtuza Tuzo ya Goldman. Kesi ya wanakijiji iliwasilishwa 2016. Julai 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Miaka 8 ya kupanda na kushuka ngazi za mahakama, huku baadhi ya waliodai wakizikwa njiani.

Na ni nani aliyepatikana na hatia? Kiwanda, ndiyo. Lakini pamoja nacho walikuwapo NEMA, wizara za serikali na mamlaka ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje. Walinzi waliosimamishwa mlangoni walihukumiwa pamoja na mwizi. Tunasema kwamba mchafuzi hulipa, na kanuni hiyo imo ndani ya sheria ya 1999. Katika Owino Uhuru aliyelipa kwanza ni mtoto, kwa damu yake, na mchafuzi alikuja kuombwa baadaye kwa hati za wakili. Kanuni iliyopinduliwa kichwa chini hivyo haimlindi mtu.

Yapo mambo ambayo serikali ikitaka, hufanya. Agosti 28, 2017 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, adhabu ikiwa faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4 au kifungo. Mifuko ikatoweka madukani, na vikapu vikarudi mikononi. Marehemu Profesa Wangari Maathai alikuwa ameipigia kelele mifuko hiyo miaka zaidi ya 10 kabla. Tunaishukuru marufuku hiyo, na hapo hapo tunasema kwamba mjeledi wake uliuchapa mgongo mmoja. Tuliwaona wachuuzi wa matunda wakipandishwa kizimbani kwa vifuko. Wenye mabomba yanayomimina rangi na asidi usiku katika mto Ngong, unaopita Eneo la Viwanda, hatujawaona wakisukumwa ndani ya karandinga namna ile.

Siku hizi tumeanza kusikia wimbo mwingine, wa mtambo mkubwa wa kuchoma taka na kuzalisha umeme. Ni mradi wa kupendeza kwa wapenda zabuni. Lakini taka zetu ni mbichi, zimejaa maji ya mboga na matunda. Ukizichoma bila kuzitenga unapoteza moto kukausha maganda. Tena mtambo ukishajengwa utataka kulishwa kila siku kwa miaka mingi, na atakayepunguza taka ataonekana adui wa maendeleo. Tutenge kwanza. Wala tusingoje mlima utufundishe. Machi 2017 jaa la Koshe, Addis Ababa, liliporomoka likaua watu zaidi ya 100. Agosti 2024 jaa la Kiteezi, Kampala, likafanya vivyo hivyo, likafukia nyumba na watu waliolala ndani. Hayo yote yalikuwa majaa ya zamani, yaliyojaa kupita kiasi, yakizungukwa na maskini. Dandora imeshindwa nini kuwa ya tatu?

Hata hivyo, atakayesema lifungwe kesho kwa kufuli na polisi hatuko naye. Maelfu ya watu hula kutoka mlima ule: wachambuaji wanaookota chuma, chupa na karatasi, na ambao kwa hakika ndio idara pekee ya kutengeneza upya taka iliyowahi kufanya kazi katika jiji hili, bila mshahara, bila glavu, huku wakitozwa na magenge. Lazaro alilala mlangoni pa tajiri akitamani makombo. Hawa wanayapalilia makombo hayo na kuyarudishia thamani, kisha wanaitwa chokora. Vituo vya kuchambua taka ambavyo sheria imeviagiza viwe vyao, chini ya vyama vya ushirika walivyovichagua wenyewe, wala visiwe vya shemeji wa mheshimiwa.

Wenzetu wa makanisa, hapa neno ni lenu. Kila Jumapili maelfu ya sahani na chupa za kutupwa hutoka katika harambee, arusi na mikutano yetu ya injili. Parokia isiyoweza kuwa na mapipa mawili uani, moja la vinavyooza na moja la visivyooza, itamkemea gavana kwa mdomo gani? Kamati za haki na amani zilizojifunza kuhesabu kura kituo kwa kituo zinaweza kuhesabu malori: yametoka wapi, ni ya nani, yamemwaga wapi, saa ngapi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kuiandikia kaunti barua na kudai mkataba wa uzoaji taka wa wadi yako, pamoja na kiasi kilicholipwa. Iandikwe barua hiyo, ipigwe muhuri wa kupokelewa, nakala ihifadhiwe. Wasipojibu, mwende kwa Tume ya Haki ya Utawala na nakala yenu mkononi.

Na kikao cha umma cha bajeti ya kaunti kitakapoitishwa, watu wa Dandora, Korogocho na Kariobangi wafike mapema, wakae viti vya mbele, na swali lao liwe hili: katika bajeti hii, ni ukurasa upi wenye fedha za kulifunga jaa, na ni tarehe gani iliyoandikwa hapo?