UCHAMBUZI: Hamira ya ng'ombe haitaziba pengo la malisho Vanga

MFUGAJI wa ng'ombe wa maziwa katika eneo la Vanga, Kaunti ya Kwale, amezoea kupambana na maadui watatu: mbung'o waenezao nagana, kupe waletao ndigana kali, na kiangazi kinachogeuza nyasi kuwa vijiti. Siku hizi ana uamuzi mwingine wa kufanya. Je, atoe fedha zake kununua unga wa vijidudu hai unaosifiwa kwa kumsaidia ng'ombe kusaga chakula na kuongeza maziwa?

Yafaa isemwe mapema kwamba bidhaa hizi si ulaghai. Nyingi hutengenezwa kwa hamira, jamii ile ile inayoumua mahamri, ingawa aina inayolishwa mifugo huwa imeteuliwa kwa kazi hiyo. Biashara yake ilipata nguvu zaidi baada ya Umoja wa Ulaya kupiga marufuku, kuanzia Januari 1, 2006, matumizi ya dawa za kuua bakteria kama vichocheo vya ukuaji wa mifugo. Watengenezaji wa vyakula vya mifugo walilazimika kutafuta mbinu mbadala.

Swali la msingi ni ng'ombe yupi anayefaidika.

Ng'ombe, kwa hakika, hana uwezo wa kumeng'enya nyasi. Kazi hiyo hufanywa na bakteria, kuvu na viumbe wengine wasioonekana kwa macho ambao huishi katika tumbo lake la kwanza, lile kubwa linaloweza kubeba lita 100 na zaidi. Vijidudu hao huivunja nyasi na kutoa asidi ambazo ng'ombe huzitumia kama nguvu. Kisha wao wenyewe husukumwa hadi tumbo la nne, wakameng'enywa na kuwa protini. Kwa maneno mengine, ng'ombe naye ni mfugaji, na mifugo yake ni hao vijidudu.

Hamira husaidia kwa njia mbili kuu. Hufyonza oksijeni inayoingia na chakula, ambayo ni sumu kwa vijidudu wengi wa tumboni, na hupunguza ukali wa asidi. Lakini asidi kali ni maradhi ya ng'ombe anayelishwa nafaka na vyakula vya madukani kwa wingi. Ng'ombe anayetafuna mabua ya mpunga kandokando ya Mto Umba hana tatizo hilo.

Mnamo 2009, watafiti wa Ufaransa walichapisha uchanganuzi wa majaribio 157 ya kuwalisha ng'ombe na wanyama wengine wanaocheua hamira. Kwa wastani, maziwa yaliongezeka kwa gramu 1.2 kwa kila kilo ya uzito wa mnyama kwa siku. Kwa ng'ombe chotara wa kilo 350, hiyo ni chini ya nusu lita. Walibaini pia kuwa uwezo wa hamira kutuliza asidi tumboni uliongezeka kadiri mnyama alivyolishwa vyakula vya madukani. Nusu lita si haba, lakini mfugaji ailinganishe na bei ya unga wenyewe, ambao sharti utolewe kila siku kwa kuwa hamira haifanyi makao ya kudumu tumboni.

Kinachowakosesha nguvu vijidudu wa ng'ombe wa Vanga ni njaa ya naitrojeni. Malisho yakiwa na protini chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu hudhoofika, nyasi hukaa tumboni bila kuvunjwa, na ng'ombe hupunguza kula ilhali tumbo linaonekana limejaa. Mabua ya mpunga huwa na takriban asilimia 4 pekee. Kumwagia hamira juu ya lishe kama hiyo ni kuongeza vibarua katika shamba lisilo na majembe.

Tiba yake inajulikana na ni ya bei nafuu. Kilo 4 za mbolea ya yurea, zikiyeyushwa katika maji na kunyunyiziwa kilo 100 za mabua makavu, kisha mabua yakafunikwa pasipoingia hewa kwa takriban wiki 3, huyafanya yawe laini na kuongeza naitrojeni. Hata hivyo, kazi hii haitaki pupa. Yurea ikizidi au ikinywewa katika maji huua ng'ombe kwa muda mfupi, na ndama wa chini ya miezi 6 hawapaswi kulishwa kabisa.

Jambo la kushangaza ni kwamba Pwani ina historia na mmea unaoonyesha vyema wakati ambapo kijidudu kutoka nje huwa na thamani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, watafiti wa kituo cha Mtwapa na wenzao wa kimataifa walihimiza kilimo cha lusina pamoja na nyasi ya nepia. Majani ya lusina yana protini inayozidi asilimia 20. Ila yana pia sumu iitwayo mimosini, na ng'ombe akiyala kupita kiasi huweza kunyonyoka manyoya na kuvimba tezi ya shingo.

Mtafiti wa Australia, Raymond Jones, alitambua kuwa mbuzi wa Hawaii waliila lusina bila kudhurika. Mapema miaka ya 1980, vijidudu kutoka matumbo ya mbuzi hao walipelekwa Australia, na mifugo ya huko ikapata kinga. Bakteria huyo alipewa jina Synergistes jonesii mnamo 1992, na baadaye akagunduliwa katika mifugo ya nchi nyingine nyingi. Tofauti yake na hamira ni kubwa: alileta ujuzi uliokosekana, akafanya makao, na akaambukizwa kutoka ng'ombe hadi ng'ombe bila mwenyewe kununua tena.

Mwaka huo huo wa 1992, wadudu wafyonzao utomvu waliingia Pwani na kuidhoofisha lusina. Hata hivyo, mti huo haujatoweka, na ukilishwa usizidi asilimia 30 ya chakula cha siku, ni hazina kuliko paketi yoyote.

Atakayeamua kununua hamira bado asome tarehe ya mwisho ya matumizi na idadi ya chembe hai iliyoandikwa. Chembe hizo hufa kwa joto na unyevu, na rafu ya duka la Pwani ina vyote viwili. Kisha apime maziwa kwa wiki 2 kabla ya kuanza kuilisha na wiki nyingine 2 baadaye, bila kubadilisha lishe. Maafisa wa ugani wa kaunti, ambao kazi hii iko mikononi mwao tangu ugatuzi uanze 2013, wanaweza kumsaidia kuweka hesabu hiyo.